Jiwe letu la ziwani huzama na kuibuka: tulivunje au tuliache?

*"Kwetu ni Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Matema ambako milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Mbele ya shamba la ukoo kuna jiwe kubwa limesimama ziwani. Ukilitazama kwa upande lina paji na pua kama mtu. Bibi yetu, ambaye sasa ni mzee sana, anasema jiwe hilo huzama ukoo unapogombana na huibuka watu wakipatana. Mama yake alipokuwa mtoto alilifikia kwa miguu. Bibi mwenyewe alilikuta majini. Na miaka ile vijana walipokuwa wakirudi kutoka vita vya Amin lilizama likabaki kichwa tu, kwa sababu babu na mdogo wake walikuwa wanagombea shamba. Usiku linanguruma hata kukiwa shwari, na kuna siku moshi huonekana nyuma yake. Sasa baba mdogo ameleta mtaalamu mwenye fimbo mbili za shaba. Anasema chini kuna mali ya Mjerumani na zebaki nyekundu, na jiwe lenyewe ni kimondo kama cha Mbozi. Anataka milioni mbili za kuanzia, kisha tuchimbe na kulipasua. Wazee wamekataa. Mimi nafanya kazi Mbeya mjini na nimeombwa nichange. Siamini mizimu, lakini nimeona kwa macho yangu maji yakilimeza jiwe. Je, kuna ukweli wowote? Tufanye nini?"*

Usichange. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua barua ya namna hii huandikwa wakati simu za kuombwa pesa zimeshaanza kuingia, na maelezo yangu ni marefu.

Sasa tuje kwenye kinachokusumbua. Nikisoma vizuri, huogopi jiwe. Unachoogopa ni kwamba ukikubali bibi alisema kweli kuhusu kuzama na kuibuka, itakubidi ukubali na ya huyu mtu wa fimbo, maana wote wawili wanazungumzia jiwe lilelile lenye mambo yasiyoelezeka. Huyo mtu analijua hilo, na ndiyo maana anaanza na habari za bibi kabla hajataja milioni mbili. Habari hizi mbili zitenganishe. Bibi anasimulia alichokiona yeye na alichokiona mama yake. Mgeni anasimulia kitu ambacho hakuna aliyekiona, naye hajakiona.

Na bibi kaona sawasawa. Ziwa Nyasa linapanda na kushuka kuliko wengi wanavyodhani. Kila mwaka maji hupanda kwa kiasi cha mita moja, pengine zaidi kidogo. Huwa juu kabisa baada ya masika, mwezi wa nne na wa tano, kisha hushuka taratibu hadi mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Huko ndiko kuzama na kuibuka ulikokuona wewe. Juu ya mwendo huo wa mwaka kuna mwendo mwingine wa miongo mingi. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Shire huko kusini mwa Malawi, unaokwenda kumwaga Zambezi. Mwaka 1915 maji yalishuka kupita kiasi hata Shire ukaacha kupokea maji ya ziwa, na mchanga na majani vikauziba mlango. Kwa karibu miaka 20, hadi 1935, ziwa lilikuwa linapokea mito na mvua huku halitoi kitu. Likajaa pole pole hadi likaupasua mlango wake. Baadaye, kufuatia miaka ya mvua nyingi, lilifika juu kuliko wakati mwingine wowote uliopimwa, na hiyo ilikuwa 1979 na 1980. Kati ya kina cha 1915 na cha 1980 kuna tofauti ya mita sita hadi saba, yaani urefu wa nyumba ya ghorofa mbili.

Weka hesabu hiyo kando ya maneno ya bibi. Mama yake, ambaye nakisia alikuwa mtoto katika miaka ya maji ya chini, alikwenda kwenye jiwe kwa miguu. Bibi alizaliwa mlango wa Shire ukiwa umekwisha kuziba na kuzibuka, akalikuta jiwe majini. Vijana wanarudi kutoka vita vya Amin, yaani 1979 na kuendelea, jiwe linabaki kichwa. Familia yenu imetunza kumbukumbu ya ziwa kwa zaidi ya karne bila daftari wala rula, na inalingana na vipimo. Majuzi, mwaka 2024, watu wa mwambao waliona maji yakipanda tena na kuingia majumbani. Kumbe ulichoshuhudia ni sehemu ya mwendo huohuo.

Lipo na jambo la mchanga. Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe yote inaleta udongo na mchanga upande huu wa kaskazini mwa ziwa, na mawimbi huusogeza huku na huko. Mwaka mmoja ufuko unajaa hadi kiunoni mwa jiwe, mwaka mwingine mchanga umesombwa na jiwe linaonekana limerefuka. Watu wengi wanaoniambia kwamba jiwe lao linakua, ukiwachunguza, ni ardhi inayolizunguka iliyoshuka.

Vipi kuhusu ugomvi? Hapa nakuomba usikimbilie kucheka. Kusema ndugu wakigombana jiwe linazama ni kuona mambo mawili yanayotokea pamoja kweli, ila kilichotangulia kimewekwa nyuma. Ziwa likipanda mita kadhaa, mashamba ya mwambao yanazama, mihogo inaoza, mti uliokuwa mpaka unaondoka na maji. Waliokuwa na ekari tatu wanabaki na moja. Babu na mdogo wake wasigombee shamba mwaka 1980 wangegombea lini? Maji yalipanda, ndipo shamba likapungua, ndipo ndugu wakakunjiana uso. Maji yaliposhuka ardhi ikarudi, na watu wakapatana. Yeyote anayeishi ufukweni angeona jiwe na ugomvi vikienda sambamba.

Kunguruma nako ni kweli. Ziwa hili lina urefu unaokaribia kilomita 580, nanyi mko kwenye ncha yake ya kaskazini. Upepo wa mwera unapovuma kutoka kusini una nafasi ndefu ya kukusanya mawimbi, na mawimbi yakishaanza safari hayasimami kwa kuwa upepo umekatika. Ndiyo sababu mnaweza kuwa shwari kabisa hapo kwenu usiku huku mawimbi mapana yaliyozaliwa mbali kusini yakiendelea kufika. Wimbi likiingia kwenye ufa au kijipango chini ya jiwe, linabana hewa iliyomo ndani, na hewa hiyo ikitoka kwa nguvu inatoa mlio mzito. Usiku sauti hiyo inafika mbali zaidi, kwani hewa iliyo karibu na ardhi imepoa kuliko ya juu yake na inaipinda sauti ishuke chini badala ya kupotelea angani. Ukisikia mlio mkavu kama wa kitu kuvunjika, huo ni wa namna nyingine: jiwe lililochomwa na jua mchana linajikunyata likipoa. Huo wa pili ukizidi, nitakueleza chini kidogo kwa nini nitataka mtu aende kulitazama.

Moshi ni wadudu. Ng'ambo, Malawi, wanaitwa nkungu. Ni vijidudu vidogo vya ziwani ambavyo vikiwa bado funza hushinda mchana katika kina kirefu na hupanda juu usiku. Wakati wa mwezi kuandama huibuka kwa mamilioni, wakiwa wakubwa wenye mbawa, na kupaa kama nguzo ya moshi juu ya maji. Watu huwakusanya, huwakanda na kuwafanya mikate. David Livingstone aliyaona mawingu hayo akayafananisha na moshi, na akaandika jinsi wenyeji walivyowala. Mwambie bibi aangalie mwezi siku moshi utakapoonekana tena. Sitashangaa akikwambia alikwisha kulijua hilo zamani.

La sura ya mtu nitalipita haraka. Jicho la binadamu linatafuta uso kila mahali, kwenye mawingu na kwenye ukuta wa jikoni. Kule Liuli, wilayani Nyasa mkoani Ruvuma, kuna mwamba wa Pomonda majini, na Wajerumani walipouona waliona mnyama wa mawe wa Misri hata bandari wakaiita Sphinxhafen. Wenyeji wa pale wanausimulia kama mahali pa kujificha nyakati za vita. Mwamba ni mmoja, na kila mtu alikuja na kichwa chake.

Sasa kimondo. Kile cha Mbozi, kilichoko mkoani Songwe, kina uzito wa tani zipatazo 16, na takriban asilimia 90 yake ni chuma, kingine kikiwa zaidi nikeli. Kina rangi ya kutu, na ukikigonga kinalia kama reli ya shule. Jiwe lenu umelielezea kuwa na paji na pua, nami nakisia lina mistari myeupe na myeusi inayopishana kama ilivyo miamba mingi ya milima hiyo. Hiyo ni naisi, mwamba uliopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kisha ukainuliwa wakati bonde la ufa lilipopasuka. Milima ya Livingstone ni ukingo wa mpasuko huo. Sumaku ya spika mbovu inatosha kumaliza ubishi: kimondo cha chuma kitaishika kwa nguvu, naisi haitajali.

Lipo swali lenye faida zaidi kuliko la kimondo, nalo ni hili: je, jiwe lenu limeota pale au limeanguka pale? Simama ufukweni asubuhi jua likiwa upande, uitazame mistari ya jiwe, kisha ya genge nyuma yako. Kama yote imelala upande mmoja kwa mwinamo mmoja, jiwe ni kisiki cha mwamba mama ambacho mawimbi yameosha udongo pembeni mwake. Kama mistari ya jiwe imekwenda kivyake, liliporomoka kutoka mlimani, na huenda limekalia mchanga na mawe madogo tu. Jibu la pili linabadilisha kabisa hatari ya kuchimba.

Mali ya Mjerumani ndiyo ngano inayolipa vizuri kuliko zote katika Nyanda za Juu Kusini. Kila boma la zamani, kila mwembe uliopandwa kwa mstari, una mtu anayeujua "mchoro". Tuulize tu historia. Agosti 1914, vita ilipoanza, meli ya Waingereza Gwendolen iliifuata ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko huko Sphinxhafen, ikaipiga. Tangu hapo ziwa likawa la Waingereza. Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilipoingia kutoka kusini, Wajerumani waliiacha Tukuyu na kurudi nyuma kuelekea Njombe na Iringa, yaani kupanda milima kuliacha ziwa. Afisa gani anayekimbia angebeba hazina kuteremka nayo kwenye ufuko unaolindwa na boti za adui, akaifukia mahali maji yanapopanda na kushuka? Tena mali gani? Serikali yao ilikuwa imeishiwa sarafu hata ikawa inachapa noti za dharura, na mwaka 1916 ikafyatua sarafu za shaba katika karakana ya reli Tabora pamoja na chache za dhahabu. Rupia moja moja huokotwa mashambani, sikatai, kwa sababu watu walikuwa wakizitumia na kuzidondosha. Masanduku ni habari nyingine.

Zebaki nyekundu haipo. Zebaki ipo, ile nyeupe inayokimbiakimbia ambayo wachimbaji wa Chunya wanaitumia kukamatia dhahabu, nayo ni sumu. Madini yake ya asili yana wekundu, lakini hiyo "nyekundu" ya mamilioni inayosemekana kufichwa na Wajerumani kwenye cherehani na chini ya mawe haijawahi kupimwa maabara yoyote, kwa kuwa hakuna cha kupima. Fimbo za shaba nazo zinazungushwa na mikono ya anayezishika, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua. Zimeshikwa kwa namna ambayo kiganja kikiinama kidogo tu zinakwenda.

Tuje kwenye kuchimba, ambako hofu yangu ndiko iliko. Jiwe lililokalia mchanga linashikiliwa na uzito wake na mchanga huohuo. Ukichimba upande mmoja, maji ya ziwa yanajaza shimo, mchanga unalegea kuwa uji, na tani nyingi za mwamba zinalalia upande wenye watu. Haichukui dakika. Kulipasua kwa moto na maji au kwa baruti ni hatari zaidi, na baruti bila kibali ni kesi. Mjue pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Madini yaliyo ardhini ni ya Jamhuri hata kama shamba ni la ukoo. Na kutafuta vitu vya kale bila leseni kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Huyo mtaalamu hatakuwepo siku mtendaji wa kijiji atakapokuja na mgambo.

Mnaweza kufanya nini, basi? Kuliacha lilivyo hakuna gharama, na jiwe linaendelea kuvunja mawimbi kabla hayajafika shambani. Kuligeuza kokoto kutawapa malori machache, kisha mawimbi yale yale yatakuja moja kwa moja kwenye mihogo yenu. Wapo watakaowaambia mlifanye kivutio, maana wageni wanafika Matema kila mwaka. Inawezekana, lakini sitakupamba: kutoza watu kiingilio kunahitaji kibali cha serikali ya kijiji, njia isiyopita mashamba ya wengine, na zaidi ya yote kauli ya wazee. Wanyakyusa wana kumbukumbu ndefu ya mahali pa namna hii, kuanzia Lubaga, mahali pa tambiko kwa Lwembe, hadi pango la Kyala, mkuu mwingine wa kale wanayemheshimu, kule Palikyala karibu na ziwa. Ninyi mliosoma mjini mkitaka kuliuzia watalii jiwe ambalo wazee wanalinyamazia, mtapata ugomvi ambao safari hii haukuletwa na maji.

Kuna hali ambazo maelezo ya mbali hayatoshi, lazima mtu alione. Ya kwanza ni ufa mpya kwenye jiwe au kwenye genge nyuma yake, au ufa wa zamani unaopanuka. Weka alama mbili pande zote za ufa, upime kwa rula kila mwezi. Nyingine ni mawe mabichi, yenye uso msafi usio na ukungu, kuonekana chini baada ya mvua kubwa, au ile milio mikavu kuwa ya mara kwa mara. Tetemeko pia: mnakumbuka Desemba 2009, mfululizo wa matetemeko ya Karonga, ng'ambo Malawi, uliofika kipimo cha 6, na Kyela ilitikisika. Mkiona mojawapo ya haya, watu wasilale wala kuegesha mitumbwi upande wa chini. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa kwa maandishi aifikishe kamati ya maafa ya wilaya, nayo iombe mjiolojia kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Ukitaka tu kujua jiwe ni la aina gani, kipande kilichoanguka chenyewe, cha ukubwa wa ngumi, kinatosha kupeleka ofisi ya madini hapo Mbeya. Wakati wowote mkikuta vigae vya vyungu vya zamani au mifupa, fukieni palepale, mpeleke habari kwa afisa utamaduni wa wilaya. Na kama kuna aliyekwisha kutoa pesa, nendeni polisi mapema akiwa bado yupo wilayani.

Bibi msimsute kwa haya niliyoandika. Kaa naye, umuulize jiwe lilikuwa wapi alipoolewa, wapi alipojifungua kila mtoto, wapi mwaka wa njaa, uandike. Wanaopima ziwa wana namba. Hawana habari ya shamba la nani lilizama lini.

Kwa baba mdogo, usiende na kitabu cha sheria, atajiona amedhalilishwa mbele ya watoto. Mwombe kwa adabu amjaribu mgeni wake. Chukueni ndoo kumi, mzifunike, mweke sufuria la shaba chini ya moja, na anayeiweka asiwepo wakati wa kupima. Fimbo zimtafutie. Arudie mara kumi, kila mara sufuria likihamishwa. Mtu anayeona dhahabu chini ya tani za mwamba hatashindwa na ndoo ya plastiki. Akisema mizimu haipendi majaribio, au kwamba lazima kwanza alipwe nusu, baba mdogo atakuwa amesikia kwa masikio yake, na wewe hutakuwa umemkosea heshima. Nauli ya mgeni ya kurudi alikotoka msimlipie.